Jino Nalo ni Kiungo cha Mwili

Mtu akipatwa na homa kali huenda mbio kwa mganga. Lakini jino likimwuma husema: «Litapoa tu.» Hufunga shavu kwa kitambaa, huweka karafuu au chumvi, na siku zinapita. Ukimwuliza sababu, atakujibu kwamba mganga wa meno ni wa matajiri, tena jino halimwui mtu. Tunataka kuonyesha kwa historia kwamba maneno hayo mawili hufuatana. Kila mara watu walipolitenga jino na mwili, gharama yake ilipanda, na maskini ndiye aliyeilipa.

Tuanze zamani. Mwaka wa 249, katika mji wa Aleksandria huko Misri, Wakristo walishambuliwa na wapagani. Askofu Dionisi wa mji ule aliandika habari hizo katika barua. Walimkamata Apolonia, mwanamke bikira wa umri mkubwa, wakampiga mataya hata meno yake yakang'oka, naye akafa motoni kwa kukataa kumkana Kristu. Katika karne zilizofuata Wakristo wenye kuumwa meno walimwomba awaombee, na sikukuu yake ni tarehe 9 Februari. Walifanya vema kumwomba. Tena wakati ule hawakuwa na msaada mwingine wa maana.

Kwani nani angewatibu? Watu wa Babeli ya kale walifikiri kwamba jino huuma kwa sababu mdudu analitafuna, na hata leo tunasikia watu wakisema «jino limeliwa na mdudu». Huko Ulaya kung'oa meno kulikuwa kazi ya vinyozi na ya watu waliozunguka sokoni na koleo zao. Mwaka wa 1728, Pierre Fauchard, mganga wa Paris, alitoa kitabu kikubwa juu ya meno. Yeye alitafuta mdudu huyo kwa darubini asimwone, akawaonya watu wajihadhari na sukari. Mwaka wa 1890 Mmarekani Willoughby Miller, aliyefanya kazi Berlin, alieleza jambo lenyewe. Kinywani mna vijidudu vidogo mno. Hivyo hula sukari na wanga uliobaki kwenye meno, hutoa asidi, na asidi ile huyeyusha jino polepole mpaka linatoboka.

Basi, sukari ilitoka wapi? Zamani huko Ulaya ilikuwa chakula cha wakubwa tu. Mwaka wa 1598 msafiri Mjerumani, Paul Hentzner, alimwona Elizabeth, malkia wa Uingereza, akaandika kwamba meno yake yalikuwa meusi, na kwamba Waingereza walipatwa na ubaya huo kwa kupenda sukari kupita kiasi. Halafu yakafunguliwa mashamba makubwa ya miwa katika visiwa vya Amerika, yaliyolimwa na watumwa Waafrika, na katika hao walikuwamo watu waliotolewa Kongo. Sukari ikawa rahisi. Mwaka wa 1874 Uingereza iliondoa ushuru wake, na hata fukara akaweza kuitia katika chai yake. Ugonjwa wa malkia ukawa ugonjwa wa wafanyakazi, lakini mganga wa malkia hakuwa wao.

Elimu iliendelea. Mwaka wa 1840 katika mji wa Baltimore, jimbo la Maryland huko Marekani, lilifunguliwa chuo cha kwanza cha kufundisha uganga wa meno peke yake. Mwaka wa 1844 Horace Wells, mganga wa meno wa Hartford, alivuta hewa ya dawa, akang'olewa jino bila kusikia uchungu. Hayo yalikuwa mema. Lakini tangu hapo jino lilikuwa na chuo chake na waganga wake, na mwili mwingine wote ulikuwa na wake. Baadaye, bima za magonjwa zilipoundwa, mara nyingi jino lilisahauliwa au lilitiwa katika hesabu ya peke yake. Mfuko nao ukafuata ukuta ule ule.

Tazameni yaliyotokea Uingereza. Kabla ya Vita Kuu ya Pili watu wengi walingoja mpaka meno yaoze, kisha wakayang'oa yote. Ilikuwako hata desturi ya msichana kung'olewa meno yote kabla ya arusi na kupewa ya bandia, ili mume asipate gharama siku za mbele! Tarehe 5 Julai 1948 serikali ilianza kuwatibu watu wote bure, meno pia. Watu walifurika kwa waganga wa meno, na fedha zilizotengwa hazikutosha. Mwaka wa 1951 serikali iliamua wanaotaka meno ya bandia walipe sehemu ya bei. Waziri Aneurin Bevan, aliyeianzisha kazi ile, akajiuzulu kwa sababu ya malipo hayo na ya miwani. Mwaka wa 1952 malipo yaliongezwa kwa matibabu mengine ya meno. Mwaka wa 1968, katika kila watu wazima 100 wa Uingereza na Wales, 37 hawakuwa na jino hata moja. Lakini watu walipozoea kupiga mswaki kwa dawa yenye floridi, mambo yaligeuka. Mwaka wa 2009 vibogoyo walikuwa 6 tu katika 100. Deni la miaka mingi lilikuwa zito kwa serikali, lakini kinga ya kila siku ilikuwa nyepesi kwa kila nyumba.

Turudi Maryland, jimbo lile la chuo cha kwanza. Mwaka wa 2007 mtoto wa miaka 12 aliumwa na jino lililooza. Mama yake alikuwa maskini, na bima ya serikali ilikuwa imekatika. Kumng'oa jino lile kungegharimu kama dolari 80. Halikung'olewa, na usaha ukapanda hata ubongoni. Alipasuliwa kichwa mara mbili, akalazwa majuma sita na zaidi, na gharama ikakadiriwa kuwa dolari 250,000. Akafa. Mwaka wa 2009 sheria mpya ya Marekani iliamuru kwamba bima ya serikali kwa watoto wa wenye kipato kidogo iwe pia na matibabu ya meno. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Je, ugonjwa wa kinywa unafika mbali hivyo? Ndiyo. Vijidudu vya kinywa huweza kuingia katika damu na kukaa katika moyo wa mtu mwenye kasoro ya moyo. Mwenye ugonjwa wa sukari huugua fizi kwa urahisi, na fizi mbovu huizidisha sukari katika damu yake. Lakini tusizidishe maneno. Baada ya mwaka wa 1910 waganga wengine wa Uingereza na Marekani walidhani kwamba karibu kila ugonjwa hutoka katika meno, wakang'oa meno mazima ya watu wengi bure. Ni kosa kulisahau jino, na ni kosa pia kulitwika lawama za mwili wote.

Katika Afrika yetu uko ugonjwa uitwao noma. Huanza kama kidonda cha fizi kwa mtoto mdogo mwenye njaa, mara nyingi baada ya surua au malaria, na kwa siku chache hula shavu na taya. Wasiotibiwa wengi hufa. Lakini ukitambuliwa mapema, dawa za bei ndogo, usafi wa kinywa na chakula chema humponya mtoto. Zamani ugonjwa huu ulikuwako Ulaya pia. Uliondoka watu walipopata chakula cha kutosha, ukaonekana tena katika kambi za mateso za Wanazi. Basi si ugonjwa wa kabila fulani, ni ugonjwa wa njaa. Desemba 2023 Shirika la Afya la Ulimwengu liliutia katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa.

Ndugu wasomaji, tusingoje waganga wa meno wawe wengi ndipo tuanze. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba hakuna kiungo kiwezacho kuambiwa «Hatuna haja nawe». Tuwazoeze watoto kupiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floridi ikipatikana. Vitu vitamu visiwe vya kila saa. Mama akiona fizi za mtoto zinatoka damu au kinywa kinanuka vibaya, aende dispansari siku ile ile. Na shavu likivimba pamoja na homa, kitambaa na karafuu havitoshi: mgonjwa apelekwe hospitali upesi, kabla usaha haujafika mahali ambapo koleo haliwezi kuufuata.