Kichwa cha Dereva, Kichwa cha Abiria

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoipa Kariakoo jina lake. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, na katika eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamelitenga kwa makazi ya Waafrika wakaweka kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Kazi ya mpagazi ilikuwa moja. Unga, risasi, dawa na mahema vilikwenda kichwani, kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo na magari yalikwama matopeni. Mamia ya maelfu ya wanaume waliandikishwa kote Afrika Mashariki, wengi kwa nguvu. Makumi ya maelfu hawakurudi makwao, na wengi wa hao waliuawa na kuhara, homa na njaa kuliko risasi. Vita vilipokwisha, kambi ikageuka mtaa na soko.

Vita hivyo hivyo, upande wa Uarabuni, vilimpa umaarufu ofisa mmoja wa Kiingereza, T. E. Lawrence, aliyepigana bega kwa bega na Waarabu dhidi ya Waturuki. Alivimaliza salama. Mei 1935, akiwa ametoka jeshini, alikuwa anarudi nyumbani kwake Dorset kwa pikipiki yake ya Brough Superior alipokutana ghafla na vijana wawili wenye baiskeli. Akawakwepa, akaanguka. Kichwani hakuwa na kitu. Alilala bila fahamu siku sita, kisha akafa. Miongoni mwa madaktari walioitwa kumtazama alikuwamo Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia na bingwa wa upasuaji wa ubongo, ambaye hakulisahau jambo lile.

Mwaka 1941 Cairns alichapisha utafiti wake katika jarida la madaktari wa Uingereza. Katika miezi 21 ya mwanzo ya Vita Kuu ya Pili, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wameuawa barabarani nchini Uingereza. Taa zilizimwa usiku kwa hofu ya ndege za Wajerumani, na matarishi wa jeshi walikimbiza barua gizani. Cairns alikuwa na wagonjwa wachache waliopata ajali wakiwa wamevaa kofia ngumu, na alichokiona kwao kilimtosha kupiga mbiu. Jeshi lilimsikia upesi, na mwaka ule ule likawaamuru waendesha pikipiki wake wazivae. Kwa raia, Bunge lilichukua muda wake: Uingereza ilifanya kofia kuwa lazima kwa kila mwendesha pikipiki mwaka 1973.

Mwaka huo huo wa 1973 Tanzania ilitunga Sheria ya Usalama Barabarani, ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kazi ya trafiki. Nayo ilimtaka dereva wa pikipiki avae kofia ngumu. Lakini pikipiki za Kariakoo ya 1973 zilikuwa chache. Chombo cha mtu wa kawaida kilikuwa baiskeli, na baiskeli ilikuwa na historia yake. Raleigh za Uingereza zilikuwa fahari ya makarani wakati wa ukoloni. Baadaye zikaja Avon na Hero za India na Phoenix za China, na kwa muda nchi ikawa na baiskeli yake, Swala, iliyotoka kiwanda cha hapa hapa Dar es Salaam. Soko jipya lililosanifiwa na Beda Amuli lilipofunguliwa mwaka 1975, mizigo iliingia kwa malori na kutawanyika kwa mikokoteni na baiskeli, na baadaye kwa guta. Muuza madafu alipanga shehena yake nyuma ya baiskeli na kuikokota kutoka mtaa hadi mtaa. Wengine walibeba mikate, samaki wa Feri, au matenga ya kuku.

Vichwani mwao kulikuwa na baraghashia, kapelo, au nywele tu. Hakuna aliyeliona hilo kuwa tatizo, na sidhani kwamba ulikuwa ujinga. Baiskeli yenye madafu haikimbii, na anayemgonga mwendeshaji wake ni gari.

Wakati huo huko ughaibuni ubishi mwingine ulikuwa unaiva. Mwaka 1975 mwanauchumi wa Marekani, Sam Peltzman, alidai kwamba mikanda na vifaa vingine vya usalama vilivyolazimishwa kwenye magari havikuleta nafuu iliyotarajiwa, kwa sababu dereva aliyehisi yuko salama alikanyaga mafuta zaidi, na waliolipa gharama ni wapita njia. Baada yake Gerald Wilde wa Kanada akaenda mbali zaidi: kila mtu ana kiwango chake cha hatari anachokivumilia, na ukimpunguzia hapa ataiongeza pale. Kofia za baiskeli zilipoanza kuuzwa kwa wingi, hoja hiyo ilikuwa imeshapata pa kukaa.

Madaktari walijibu kwa takwimu za hospitali. Utafiti wa Seattle uliochapishwa mwaka 1989 ulisema kofia ilipunguza hatari ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 85, idadi ambayo tafiti zilizofuata ziliishusha. Jimbo la Victoria, Australia, halikungoja mjadala uishe. Julai 1990 likawalazimisha waendesha baiskeli wote kuvaa. Majeruhi wa kichwa walipungua, lakini idadi ya waendeshaji waliohesabiwa barabarani nayo ilipungua, hasa vijana, na pande zote mbili zikadai zimeshinda.

Kisha akaja Ian Walker, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Bath, aliyefunga kipimo kwenye baiskeli yake na kuzunguka barabarani ili apime magari yanampita kwa umbali gani. Yalimpita zaidi ya mara 2,000. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2007, alipovaa kofia madereva walimsogelea kwa wastani wa sentimita 8.5 zaidi, na alipovaa wigi la nywele ndefu afananishwe na mwanamke wakampa nafasi. Katika kazi hiyo aligongwa mara mbili, na basi na kisha lori, na mara zote mbili alikuwa na kofia kichwani. Wengine walizipitia upya takwimu zake na kusema tofauti hiyo haina uzito katika ajali halisi. Mwaka 2016 yeye na mwenzake Tim Gamble waliwavisha watu kofia ngumu au kapelo maabarani, wakiwaambia ni kishikizo tu cha chombo cha kupima macho, kisha wakawapa mchezo wa kompyuta wa kujaza puto upepo. Wenye kofia ngumu walithubutu zaidi.

Puto la kompyuta, hata hivyo, halina breki wala daladala nyuma yake. Mapitio yaliyochapishwa miaka michache baadaye yalikusanya tafiti 23 kuhusu kofia ya baiskeli na tabia ya hatari, na 18 kati yake hazikuona dalili kwamba anayevaa anakuwa mzembe zaidi. Kwa pikipiki ushahidi wa kinga ni mzito kuliko hapo: kwa hesabu za watafiti walioyaunganisha matokeo ya nchi nyingi, kofia hupunguza vifo kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kama uzembe upo, haujaifuta kinga hiyo.

Ubishi huo uliifikia Kariakoo kwa njia ya bodaboda. Biashara yenyewe ilizaliwa kwa baiskeli, mpakani Busia, miaka ya 1960, vijana walipokuwa wakiwavusha watu kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipoingia, miguu ilipumzika. Tanzania iliihalalisha pikipiki kuwa chombo cha kubeba abiria kwa malipo kwa sheria na kanuni za 2009 na 2010, na katika miaka michache vijiwe vilijaa SanLG, Boxer na TVS: Msimbazi, Uhuru, Mkunguni, kila kona yenye kivuli. Wodi za majeruhi nazo zikajaa, na katika hospitali nyingi watu wakazipachika jina la bodaboda. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, mwendo mfupi tu kutoka sokoni, imekuwa ikipokea vijana hao usiku na mchana.

Keti kijiweni Kariakoo uulize kuhusu kofia, utapewa sababu nyingi. Joto. Ukivaa husikii honi. Abiria mwenye rasta mpya hataki kuziharibu, mwenye hijabu inamsumbua, na wote wanaogopa mba na jasho la kichwa cha mtu asiyemjua. Kofia yenyewe mara nyingi inaning'inia mkononi au kwenye usukani, ikingoja trafiki aonekane, na ikivaliwa kamba inaachwa bila kufungwa. Huwezi kumtuhumu mtu kuwa kofia imempa kiburi wakati kofia iko kwenye kiwiko chake.

Na kasi? Hapo ndipo naona nadharia ya Wilde inateleza kabisa ikifika Kariakoo. Vijana wengi si wamiliki wa pikipiki. Kila jioni wanapeleka hesabu kwa bosi, ambayo katika miaka ya 2010 mara nyingi ilikuwa kati ya shilingi 7,000 na 10,000, na aliye kwenye mkataba anapeleka zaidi ili mwisho pikipiki iwe yake. Mafuta ni juu yake, na chakula pia. Saa 10 jioni, hesabu ikiwa bado nusu, anayekata katikati ya malori ya Mtaa wa Kongo anasukumwa na bosi. Mvue kofia, mvike mbili, atakata vile vile.

Ila Peltzman alikuwa na jambo moja ambalo wabishi wa kofia huliruka: anayelipa gharama anaweza kuwa mwingine. Pikipiki moja ina vichwa viwili, na kwenye mshikaki vitatu au vinne. Kama kofia inampa dereva utulivu wowote wa moyo, utulivu huo unaendeshwa juu ya kichwa kitupu cha mtu aliyeketi nyuma, ambaye hana breki wala usukani. Wanaharakati wa usalama barabarani wamelalamika kwa miaka kwamba sheria ya 1973 inamtaja dereva waziwazi kuliko abiria, na kwamba haisemi kofia iwe ya kiwango gani. Kigali hilo lilishughulikiwa: dereva hubeba kofia ya pili, na abiria anajua hapandi bila kuivaa. Kampala, kampuni ya SafeBoda ilianza katikati ya miaka ya 2010 kwa kuwapa madereva wake kofia za rangi ya chungwa pamoja na ya abiria, na ikaifanya rangi hiyo kuwa tangazo lake.

Waendesha baiskeli wa Dar es Salaam, kupitia umoja wao wa UWABA, walichagua kudai kitu kingine: njia zao wenyewe. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016, Barabara ya Morogoro ilikuwa imewekewa njia za pembeni kwa watembea kwa miguu na baiskeli, na mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Asubuhi ya siku ya kazi njia hizo zina bodaboda wanaokwepa foleni, meza za wamachinga na pikipiki zilizoegeshwa, na mwenye baiskeli ya madafu anashuka barabarani kwenda kuchanganyika na daladala.