Ngoma Mnayoilinda Kanisani Iliwahi Kufukuzwa

Jumapili iliyopita, kanisa moja hapa Kisian, vijana walipanda mbele na biti ya amapiano. Dakika mbili tu, spika zikazimwa. Mzee mmoja akachukua maiki: "Hiyo ni ya kilabu. Hapa tunaimba kwa ngoma na kayamba, kama wazee wetu."

Wasee, wazee gani hao?

Mimi chuo niliacha, lakini historia sikuiacha. Panda matatu hapa, dakika chache uko Maseno. Wamisionari wa CMS walifungua shule pale mwaka wa 1906. Kwao wimbo wa Mungu ulitoka kwa kitabu, na watu wakausimamia wima. Ngoma ilikuwa ya matanga, pombe na mizimu. Ukiokoka, unaiacha nyuma.

Halafu kule Ugenya kukatokea Waanglikana waliosema Roho amewashukia. Kiongozi wao, Alfayo Odongo Mango, alikuwa shemasi. Mwaka wa 1934 aliuawa Musanda, nyumba yake ikachomwa, katika vurugu zilizochanganya dini na ugomvi wa ardhi. Hakufa kwa sababu ya ngoma, tusidanganyane. Lakini watu wake wa Roho waliendelea: kanzu nyeupe, misalaba myekundu, na ngoma barabarani. Mpaka leo unawasikia kabla hujawaona.

Gitaa nalo? Miaka ya 60 benga ilikuwa muziki wa baa. Leo kwaya ngapi za Nyanza zinasifu kwa gitaa hilohilo la benga, na mzee yuleyule anapiga makofi? Kwa Wakatoliki, mwaka wa 1988 Vatikani iliidhinisha misa ya Zaire, na padri mwenyewe anacheza kuzunguka altare.

Sisemi mzee hana hoja. Kuna nyimbo za injili siku hizi ukiondoa jina la Yesu mara moja, zinabaki za kutongoza. Hiyo inafaa kuulizwa. Lakini swali liwe: maneno yanasema nini, na nani anasifiwa? Biti haina dini. Ina tu mahali ilipozoeleka kusikika.

Wale vijana walikuwa wanaimba Zaburi, neno kwa neno. Spika zilizimwa kabla mtu hajasikiliza, na wawili kati yao wameshasema hawarudi.

Kanisa lenu lingewaacha wamalize?