Njombe Hakuna Minazi, Sasa Ukuti Uliingiaje?

Wadau wa Nyanda za Juu Kusini, leo zamu yenu. Kila watu wakianza kuposti mambo ya utotoni, lazima atokee mmoja aandike "michezo yetu ya asili Njombe", halafu wa kwanza kabisa kuutaja ni ukuti. Maoni yanajaa vikopa na machozi ya kicheko. Sawa, wote tumeucheza. Mnashikana mikono, mnafanya duara, mnazunguka mnaimba, upepo ukitajwa wote mnatetemeka.

Ila hebu tulia kidogo. Ukuti ni nini? Ni jani la mnazi. Na mnazi Njombe umeuona wapi?

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa saba asubuhi nyasi zinaamka nyeupe kwa baridi, na mtoto wa chekechea akitetemeka kwenye duara, huyo haigizi. Mnazi unataka joto la pwani. Huku shambani kuna viazi, parachichi, chai, mipaini na miwati. Hata cha kugema kwetu ni mwanzi, tunapata ulanzi. Kutoka Makambako hadi ufukwe wa Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600. Kwahiyo kuna mtu alibeba huo wimbo akaupandisha mlimani. Jina lake halipo popote, na naamini hakuwa mmoja.

Tuanze na manamba. Enzi za Mwingereza, Njombe ilikuwa moja ya sehemu zilizotoa vibarua wengi wa mashamba ya mkonge. Wanaume wa Kibena, Kikinga na Kipangwa walipakiwa kwenye malori kwenda Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi kabisa ya kuwatafuta na kuwasafirisha. Wengine walienda na wake na watoto. Sasa fikiria mtoto wa Kibena amekaa kambi ya mkonge Tanga miaka miwili, anacheza na watoto wa kila kabila, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Mkataba wa baba ukiisha anarudi Lupembe na nini? Nguo mbili na nyimbo kibao.

Njia ya pili, ambayo mimi naipa uzito kuliko zote, ni shule. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi zote nchini. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kuwa kuishi vijijini sasa ni amri, sio hiari tena, ikaja ile Operesheni Vijiji ambayo wazee wakiikumbuka wanatikisa kichwa. Wabena wengi walikuwa wanakaa mbalimbali, nyumba moja mlima huu, nyingine ule. Wakasogezwa pamoja, wengine kwa nguvu, nyumba walizoziacha zikabomolewa. Halafu mwaka 1977 ikaja Elimu ya Msingi kwa Wote, madarasa yakafurika.

Unaona kilichotokea? Duara linataka watu. Watoto wanne wa boma moja hawafanyi ukuti ukanoga, mnaishia kugongana tu. Ila watoto arobaini wa darasa la kwanza wakitolewa nje saa nne, na mwalimu wa zamu ambaye pengine katokea Tanga au Lindi, duara linajaa lenyewe. Mtoto aliyeingia shule anajua Kibena pekee alikuwa anaimba Kiswahili kabla hajaweza kukiongea. Mnazi hajauona, upepo anaujua, inatosha.

Michezo ya kukimbizana yenyewe ni stori nyingine. Chukua ule wa kuku na mwewe: mmoja mama kuku, vifaranga nyuma wameshikana viuno mstari mrefu, mwewe anatafuta kumnyakua wa mwisho. Huo haukuhitaji lori wala mwalimu, maana mwewe yupo kila kijiji chenye kuku. Wachina nao wana mchezo huohuo, kwao ni tai na vifaranga. Na kabla hujakimbilia kusema waliutuacha walipojenga TAZARA kati ya 1970 na 1975, kumbuka watoto wa nchi nyingi duniani wanakimbizana hivyohivyo na hawakujengewa reli. Kukimbizana kunazuka kokote penye watoto na uwanja. Wimbo una maneno, na maneno yana kwao.

Ndio maana napenda kusikiliza maneno yenyewe kuliko stori za mitandaoni. Si mmeshaiona ile video inayodai mchezo wa duara wa watoto wa Kiingereza, ule wa waridi na kuanguka chini, unahusu ugonjwa wa tauni? Watafiti wa ngano wameikataa. Tauni kubwa ya London ilikuwa 1665, wimbo ukaja kuchapwa kitabuni Uingereza 1881, na hiyo tafsiri ya tauni imeanza kusikika katikati ya karne ya 20. Stori tamu, ushahidi sifuri. Ila ukuti umebeba ushahidi kwenye jina.

Makambako ndiyo pamenogesha zaidi. Barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia inapita hapo, ya Njombe na Songea inachepukia hapo, na treni ya TAZARA ina stesheni hapohapo. Mji mzima umejengwa na watu waliotoka sehemu nyingine. Kombolela, ambayo jina lenyewe linanukia kukomboa, rede ya mpira wa soksi, paka na panya ambapo duara linampitisha panya na kumbania paka: mtoto wa dereva, wa fundi reli na wa muuza viazi wanacheza bila kufundishana sheria upya.

Ila kuna kilicholipwa hapo, na hiki ndicho kinaniuma. Shule nyingi zilikataza lugha za nyumbani, na mtoto akiteleza anachapwa. Hivyo duara la Kiswahili lilipewa uwanja, mwalimu na kipindi, la Kibena likabaki na mbalamwezi na bibi. Ukuti hauwezi kupotea, upo kila chekechea. Kilichopo hatarini ni kile ambacho hakuna anayekiposti, kwa sababu sisi vijana hata jina lake hatukuachiwa.

Hesabu ni rahisi. Aliyekuwa na miaka 7 wakati wa Operesheni Vijiji, mwaka 1974, leo anakaribia 60. Aliyecheza kule mlimani kabla ya kuhamishwa ana 65, wengine 80. Wapo Wanging'ombe, wapo Lupembe, wapo Makambako kwenye nyumba mnayofikia Desemba. Safari hii mkishamaliza kupiga picha na parachichi, kaa na bibi jikoni kwenye moto, mwombe akuimbie ile ya Kibena waliyochezea duara, na urekodi yote, hata pale atakaposahau maneno akaanza kucheka.