Juma Kaseja

Juma Kaseja ni kipa wa zamani wa Tanzania aliyedakia Simba, Yanga, Mbeya City, Kagera Sugar, KMC na timu ya taifa, Taifa Stars. Umbo lake halikuwa refu kwa mlinda mlango. Silaha yake ilikuwa wepesi na utulivu. Mwaka 2003 alikuwa langoni Simba ilipowavua ubingwa wa Afrika Zamalek wa Misri. Kila timu ilishinda 1–0 nyumbani, kisha Simba ikapita kwa matuta 3–2 mjini Cairo. Septemba 2019, akiwa KMC, alirejeshwa Taifa Stars dhidi ya Burundi, katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Baada ya sare, Tanzania ilishinda matuta 3–0.