Uziwi si mmoja

Neno letu leo ni uziwi. Kiziwi, kama kipofu na kiwete, kwa umbo yumo katika ngeli ya KI-VI, lakini upatanisho wake ni wa mtu: tunasema "kiziwi amefika", kamwe si "kimefika". Lugha yenyewe inatukumbusha kutanguliza utu.

Tatizo ni kwamba tunalitumia neno hili kana kwamba mtu ama anasikia ama hasikii. Sikio lina mambo zaidi. Nta, usaha au ngoma iliyotoboka huzuia sauti isipite. Huo tuuite uziwi wa njia. Uzee, kelele za mashine na baadhi ya dawa huharibu sikio la ndani au neva yake. Huo ni uziwi wa neva. Yote mawili yakikutana katika sikio moja, ndio uziwi mchanganyiko.

Jina sahihi huelekeza tiba. Mpimaji hupitisha sauti kwa hewa, kisha kwa mfupa ulio nyuma ya sikio, na tofauti ya majibu humwonyesha tatizo liko wapi. Kasoro ya njia mara nyingi hutibika kwa dawa au upasuaji. Ya ndani kwa kawaida haiponi, ila shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti sikioni, husaidia.

Basi mzee wako akianza kuuliza "Umesemaje?" kila mara, usimwite kiziwi ukaishia hapo, wala usimtie mafuta sikioni. Mpeleke akapimwe.