Bunia: kabla ya mtaji, saini ya bwana

BUNIA, Ituri – Katika miji mikubwa ya Afrika watu wanazungumza sana juu ya mifuko ya uwekezaji, ile inayotia pesa katika biashara changa na kuchukua sehemu ya umiliki badala ya riba. Wanauliza kwa nini wanawake ni wachache kati ya wanaoamua pesa hizo ziende kwa nani. Kwetu swali hilo lina historia ndefu, na inaanzia kwenye karatasi.

Tarehe 2 Agosti 1913 utawala wa Kibelgiji ulitoa dekreti juu ya wafanyabiashara. Kifungu kimoja kilisema kwamba mwanamke aliyeolewa hawezi kufanya biashara bila kibali cha mume wake. Wabelgiji walifuta mamlaka hayo ya mume kwao kwa sheria ya tarehe 30 Aprili 1958. Kongo ilipata uhuru miaka miwili baadaye, na dekreti ikabaki. Ajabu zaidi, mwaka 1987 Zaire ilipotunga Sheria yake ya Familia, kifungu cha 448 kilipanua jambo lile lile: mke aombe idhini ya mume kwa kila tendo la kisheria linalomfunga.

Mama anayenunua samaki Tchomia au Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, na kuwauza Bunia, aliweza kushika pesa nyingi kuliko bwana wake. Lakini mkopo wa banki, dhamana ya kiwanja, mkataba wa kampuni, vyote vilingoja saini ya bwana. Asiye na karatasi kwa jina lake, nani atamwita kuamua juu ya mtaji wa wengine?

Ndiyo maana pesa za wamama zilikwenda kwenye likelemba: kila mmoja anatoa kiasi kile kile, mmoja anabeba yote, kisha zamu inahamia kwa mwingine. Baadaye vikaja vikundi vya AVEC, muundo ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991. Kuna sanduku la kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Wanachama wananunua hisa, wanakopeshana, na baada ya karibu mwaka mmoja wanagawana.

Hapo mama si mwombaji tu. Anasikiliza ombi la mwenzake, anauliza atalipa namna gani, anakubali au anakataa. Hiyo ndiyo kazi ya mfuko wa uwekezaji, ila pesa ni ndogo na muda ni mfupi. Sanduku linalogawanywa kila mwaka haliwezi kungojea kiwanda kilete faida baada ya miaka mitano. Tena linategemea majirani kukaa pamoja, na vita vya 1999 hadi 2003 viliwatawanya majirani hao.

Kufuli ya sheria ilifunguliwa polepole. Tarehe 12 Septemba 2012 sheria za biashara za OHADA zilianza kutumika Kongo. Halafu sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa idhini ya mume. Kifungu cha 444 bado kinamwita mume kichwa cha nyumba, lakini kile cha 448 sasa kinataka mke na mume wakubaliane, kila mmoja na mwenzake. Mama atakayeambiwa kwenye dirisha la banki alete karatasi ya bwana, wakati bwana haombwi ya mke, ataje namba hiyo: 16/008.