Kifuniko Kinachomlinda Mtoto na Dawa ya Ganzi

Lidokaini, dawa ya ganzi iliyobuniwa Sweden mwaka 1943, huuzwa leo katika krimu na dawa za kupuliza za kutuliza maumivu ya ngozi. Mtoto mdogo akiimeza anaweza kupata degedege, na mapigo ya moyo wake yakavurugika. Kwa hiyo historia ya dawa hii haitengani na ya kifuniko kinachowazuia watoto.

Mwaka 1967 daktari wa watoto Henri Breault, wa Windsor nchini Kanada, aliyechoshwa na kupokea watoto waliomeza vidonge, alifanikisha kifuniko cha kukandamiza kwa kiganja huku ukikizungusha. Marekani ilitunga sheria ya ufungashaji wa kuzuia sumu mwaka 1970, ikaanza na aspirini mwaka 1972. Lidokaini ilichelewa mno: kanuni yake ilipitishwa mwaka 1995, ikihusu kila kifungashio chenye zaidi ya miligramu 5.

Jaribio la kifungashio cha aina hii ni la busara. Watoto wa miezi 42 hadi 51 hupewa chupa wahangaike nayo kwa dakika 5. Wakishindwa, huonyeshwa namna ya kuifungua, huambiwa wanaweza kutumia meno, kisha hujaribu dakika 5 nyingine. Angalau asilimia 80 wanapaswa kushindwa hadi mwisho. Watu wazima nao lazima waweze kuifungua.

Hata hivyo, katika miaka ya 2020 krimu nyingi, hasa zilizouzwa mtandaoni, ziliondolewa sokoni Marekani kwa kukosa kifuniko cha kuwazuia watoto. Wanunuzi waliagizwa waziweke mbali na watoto mara moja na kudai kurudishiwa pesa.